Mbili za Kichwa

Mama ana duka la mabati Kayole, lenye dirisha la wavu wa chuma. Kaa ndani asubuhi moja tu utasikia vitu vitatu vikiombwa kuliko vingine: maziwa, mkate, na "mbili za kichwa". Hakuna anayetaja jina la dawa. "Mama Shiro, nipatie mbili za kichwa." Mama anachukua mkasi uliofungwa kwa kamba kwenye msumari, anakata vidonge viwili, anapokea pesa, anasema pole. Anayefuata.

Shiro ni mimi. Na kwa karibu miaka miwili, mteja mkubwa wa mbili za kichwa katika duka hilo nilikuwa mimi, nikifuatwa kwa karibu na mwenye duka mwenyewe. Yeye alizinywa asubuhi na chai ya kwanza, kabla kichwa hakijaanza. Alikuwa anasema anakitangulia. Mimi nilizinywa usiku.

Usiku ndio uliokuwa mchana wangu. Nilitoka chuo mwaka wa tatu, karo ilipolishinda duka nguvu. Nilichobaki nacho ni laptop na mkono mwepesi wa kuandika insha, na Nairobi hii ujuzi huo una soko: wanafunzi wa ng'ambo wanaolipa watu wawaandikie kazi zao. Yaani mimi niliyekosa karo ya kumaliza digrii yangu nikawa natafuta unga kwa kuandika digrii za wenyewe. Cheka tu, sisi pia tulicheka. Oda ziliingia jioni na zilitakiwa kabla jua halijachomoza. Kichwa kilianza saa sita usiku, kama soja anayeripoti kazini. Mbili. Saa tisa, mbili nyingine.

Halafu usiku mmoja ikaingia oda ya mwanafunzi wa uuguzi: maneno 3,000 kuhusu ugonjwa wa figo uliowahi kuisumbua Australia. Nikasoma hadi alfajiri. Nikatuma kazi, nikalala, nikaamka, nikaendelea kusoma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo kusoma kitu kwa ajili yangu mwenyewe.

*

Katikati ya karne iliyopita, poda ya kichwa ilikuwa kitu cha kawaida katika nyumba za Australia. Zilizojulikana zaidi ziliitwa Bex na Vincent's. Zilikuja katika vikaratasi vilivyokunjwa. Ulifungua, ukamimina poda ulimini, ukaishushia na chai au maji. Ndani yake mlikuwa na vitu vitatu: aspirini, fenasetini na kafeini. Kwa kifupi mchanganyiko huo uliitwa APC.

Matangazo yalilenga sana akina mama wa nyumbani. Watoto wamekuchosha? Nguo hazijafuliwa? Kunywa chai, kunywa poda, ujilaze kidogo. Ushauri huo ulizoeleka hivi kwamba mwaka 1965 ulifanywa jina la mchezo wa kuchekesha katika jukwaa moja la Sydney. Watu walicheka kwa sababu kila mmoja alimjua mama wa aina hiyo. Na wako waliokunywa poda kadhaa kwa siku, kila siku, kwa miaka.

Aliyeacha kucheka ni daktari mmoja wa figo huko Melbourne, Priscilla Kincaid-Smith. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1926, akasomea udaktari huko huko, akapitia London kabla ya kuhamia Australia. Wagonjwa waliomjia figo zikiwa zimeharibika walikuwa wengi wao wanawake wa makamo, na alipowauliza vizuri, poda zikatajwa tena na tena. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walionyesha jinsi matumizi makubwa ya mchanganyiko ule yanavyoua sehemu ya ndani kabisa ya figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu mmoja kati ya kila watu watano waliokuwa wakianza kusafishwa damu kwa mashine nchini humo alikuwa amefikishwa hapo na dawa za maumivu. Kelele zikapigwa, na kufikia mwisho wa muongo huo fenasetini ilikuwa imetolewa kwenye poda zile na sheria za kuuza michanganyiko hiyo zimekazwa.

Hayo ndiyo yaliyotakiwa na oda yangu. Lakini kilichonikamata mimi ni jambo dogo lililotajwa pembeni tu: wagonjwa walipoulizwa kwa nini walianza kunywa poda, jibu lililotokea zaidi lilikuwa kichwa. Kichwa kinauma, ananywa poda, kinapoa. Kesho kinauma. Miaka kumi baadaye bado kinauma, na poda zimekuwa nyingi kuliko za mwanzo. Dawa inafanya kazi, kila mtu anaapa inafanya kazi. Mbona basi kichwa hakiponi?

Niliinua macho nikaangalia meza yangu. Kulikuwa na karatasi nne tupu za dawa kando ya kikombe.

*

Nikarudi nyuma kutafuta zilikotoka poda zenyewe. Fenasetini ilianza kuuzwa mwaka 1887 na kampuni ya Bayer ya Ujerumani, iliyokuwa wakati huo kiwanda cha rangi za nguo. Kutengeneza rangi kulikuwa kunabakiza kemikali zisizo na kazi, na wanakemia wake wakapata njia ya kugeuza mabaki hayo kuwa dawa ya homa na maumivu. Aspirini ilifuata mwaka 1899. Mtu wa kawaida akaweza kununua nafuu ya kichwa kwa bei ndogo, bila kumwona daktari.

Na walionunua ni akina nani? Mji wa Huskvarna, Sweden, uliishi kwa kiwanda kimoja kilichotengeneza bunduki, cherehani na pikipiki. Homa kubwa ya mwaka 1918 ilipofika, daktari wa hapo, Hjorton, aliwapa wafanyakazi poda yenye fenasetini, fenazoni na kafeini. Homa ikapita. Poda ikabaki. Wafanyakazi waliamini inawapa nguvu na kuwafanya wafanye kazi haraka, wakaendelea kuinywa miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1963 daktari Kurt Grimlund alichapisha uchunguzi wake kuhusu mji huo: vifo vya figo vilikuwa vimewafuata wanywaji wa poda ya Hjorton.

Uswisi nako, vidonge vya namna hiyo vilipendwa katika maeneo ya viwanda vya saa, ambako mtu hushinda ameinamisha shingo akifunga skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha. Ni madaktari wa Uswisi, Spühler na Zollinger, ambao mwaka 1953 walieleza ugonjwa wa figo uliokuja kuhusishwa na dawa hizo.

Mama wa nyumbani, fundi wa bunduki, fundi wa saa. Wote ni watu ambao kazi yao haingoji. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatafuta kulewa. Walitaka tu siku iishe bila mtu kuona kwamba wanaumwa. Nikiwa Kayole saa kumi alfajiri na oda ya mtu wa Australia mbele yangu, niliwaelewa sana.

*

Habari ya figo ina mkosaji mkuu wake, fenasetini, na mkosaji huyo keshaondoka. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1983, na nchi nyingi zikaitupa. Nafasi yake ilichukuliwa na ndugu yake mpole, parasetamoli, ambayo ndiyo mwili wenyewe huitengeneza fenasetini ikishamezwa. Kwa hiyo nisikutishe: tembe iliyo kwenye mkoba wako si Bex. Lakini swali la kichwa halikuondoka na fenasetini, na jibu lake lilianza kupatikana mahali pengine kabisa, kwenye kuvu.

Kuna kuvu mweusi anayeota kwenye rai, nafaka ya Ulaya iliyo jamaa ya ngano. Zamani watu waliokula mkate wa rai yenye kuvu huyo walipatwa na maumivu ya moto mikononi na miguuni, viungo vikawa vyeusi, vikakatika. Sababu ni kwamba sumu yake hubana mishipa ya damu. Mwaka 1918, mwanakemia Arthur Stoll wa kampuni ya Sandoz huko Basel alifaulu kutenga kutoka kwa kuvu huyo kemikali iitwayo egotamini. Kwanza ilitumika kuzuia damu kwa akina mama waliojifungua. Katikati ya miaka ya 1920 madaktari wakaijaribu kwa kipandauso, kile kichwa cha upande mmoja kinachokuja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, na ikafanya maajabu. Mwaka 1938, Graham na Wolff wa Marekani waliwapima wagonjwa mapigo ya mshipa wa pembeni mwa kichwa na kuonyesha jinsi maumivu yanavyoshuka kadiri egotamini inavyotuliza mapigo hayo.

Basi watu wakainywa. Na mwaka 1951, madaktari wawili wa Mayo Clinic kule Minnesota, Peters na Horton, waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wakija na kichwa cha kila siku huku wakiinywa egotamini kupita kiasi. Dawa iliposimamishwa, wagonjwa waliteseka kwanza. Kichwa kilipanda kuliko siku zote. Halafu, baada ya siku chache, kikashuka, na wengi wakajikuta na nafuu ambayo dawa yenyewe ilikuwa imeacha kuwapa.

Nimerudia kusoma sehemu hiyo mara nyingi. Ukiacha dawa na kichwa kikapanda, utafikiri nini? Utafikiri: unaona, nilikuwa naihitaji. Utairudia. Dawa inajitolea ushahidi yenyewe, kila siku, na ushahidi wake unaaminika kwa sababu unausikia ndani ya fuvu lako. Ushahidi wa upande wa pili huja tu kwa aliyevumilia siku za kuacha, na nani ana siku za kuvumilia? Oda ni saa kumi na moja. Duka linafunguliwa saa kumi na mbili.

Ilichukua zaidi ya miaka thelathini jambo hilo kukubaliwa kuwa si la egotamini peke yake. Mwaka 1982, Lee Kudrow wa California aliandika kwamba hata dawa za kawaida za maumivu, zikinywewa kila mara, hukifanya kichwa kuwa sugu, na kwamba dawa za kuzuia kichwa hazifanyi kazi vizuri mpaka hizo za kila siku ziachwe. Mwaka 1988 Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa kiliuweka ugonjwa huo kwenye orodha yake rasmi. Toleo la mwaka 2004 likaupa jina unaotumia mpaka leo: maumivu ya kichwa yanayotokana na kuzidisha dawa.

Kipimo chake ni hesabu tu. Kichwa kikikuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na kwa zaidi ya miezi mitatu umekuwa ukinywa dawa ya maumivu mara kwa mara, wewe ni mshukiwa. Kwa parasetamoli peke yake, au aspirini peke yake, mpaka ni siku 15 kwa mwezi. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vyenye kafeini ndani au vyenye kodini, mpaka ni siku 10 tu. Hata egotamini ni siku 10. Zinahesabiwa siku ulizokunywa, si idadi ya vidonge. Mbili kila asubuhi za kukitangulia ni siku 30.

Kwa nini inakuwa hivyo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mishipa ya fahamu inayobeba habari za maumivu, ikizoea kunyamazishwa kila siku, huwa myepesi kuamka kuliko zamani. Kafeini nayo ina deni lake: mwili uliozoea kuipata hulalamika kwa kichwa ikichelewa. Na jambo hili huwapata hasa watu ambao tayari walikuwa na kichwa cha mara kwa mara. Mtu anayekunywa dawa zile zile kila siku kwa ajili ya magoti, na hajawahi kuwa mtu wa kichwa, kwa kawaida haamki siku moja akawa nacho. Dawa hulima shamba lililokuwapo. Shirika la Afya Duniani linasema katika baadhi ya jamii tatizo hili hufika hadi asilimia 5 ya watu, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

*

Nilimwambia Mama siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama ndani ya duka, kwa haraka kama mtu anayeleta umbea.

"Mama, hizi dawa ndizo zinatuumiza kichwa."

Aliniangalia kama mtu ambaye hajalala, na kwa kweli sikuwa nimelala. "Wewe Shiro. Dawa ya kichwa ilete kichwa?"

"Ukizinywa kila siku."

"Na nisipozinywa, kichwa inauma. Nimejaribu. Jumapili moja nilisahau kuzinywa, nilidhani nitakufa kanisani."

Unaona? Peters na Horton, 1951. Lakini ungemwambiaje.

Tulienda pamoja kituo cha afya, tukapiga foleni tangu asubuhi. Daktari kijana alimpima Mama presha, akaandika apimwe figo, kisha akamuuliza swali ambalo hakuna mtu, mimi nikiwemo, aliyewahi kumuuliza: kwa mwezi, unakunywa hizi dawa siku ngapi? Mama akacheka. Akasema, daktari, mwezi uko na siku ngapi?

Figo zilikuwa sawa. Nilipumua. Daktari alisema sisi wawili tunaweza kuziacha mara moja, kwa sababu zetu zilikuwa zile za kawaida. Anayetumia zenye kodini au nyingine kali asiache kiholela, aende asimamiwe. Na kichwa kinachokuja ghafla kama radi, au kinachokuja na homa na shingo ngumu, au kinacholegeza upande mmoja wa mwili, hicho si cha kusubiri wala cha kusoma makala. Ni cha kukimbiza hospitali.

Tukaacha Ijumaa. Sitakudanganya. Siku ya pili nilitapika. Siku ya tatu nilikosa oda mbili na mwenye akaunti akanitumia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alifungua duka akiwa amefunga leso kichwani kwa nguvu, akawahudumia watu akiwa amefumba jicho moja. Jumatatu usiku tulikaa gizani, stima ikiwepo, kwa sababu mwanga ulituuma, tukicheka jinsi tulivyo wajinga. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wale wa Huskvarna hawakuacha. Sisi tulikuwa wawili na tulikuwa na duka la kwetu. Mtu wa kiwandani angeomba ruhusa ya ugonjwa gani?

Wiki ya pili nilikaa siku tatu mfululizo bila kichwa. Nilikuwa nimesahau hali hiyo ikoje. Mama alichukua karibu miezi miwili. Bado kinamjia, mara tatu au nne kwa mwezi, na kikija anakunywa mbili kama watu wengine na kinaondoka kweli. Mimi nilipunguza kazi za usiku. Pesa imepungua pia, nisiseme uongo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo ushauri wa afya huwa hausemi: kichwa kilikuwa kikinilipia bili.

Mama hakuacha kuziuza. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba akiacha yeye, wataenda kwa jirani, na jirani hatawauliza kitu. Alichofanya ni hiki. Ana daftari la madeni, lile refu la mistari, lenye majina ya plot nzima. Sasa nyuma ya daftari kuna ukurasa mwingine wenye majina, na kila mtu akija kuchukua mbili za kichwa, Mama anaweka alama moja mbele ya jina lake, moja kwa siku. Alama zikifika kumi, anashikilia mkasi hewani bila kukata.

"Baba Brayo," nilimsikia juzi, "hii ni ya kumi na moja na mwezi haujaisha. Keti hapo kwa kreti kwanza, unieleze hicho kichwa kilianza lini."